Ulyankulu na Nyarugusu: Kwa Nini Mkimbizi Mmoja Huwa Raia na Mwingine Hubaki Kambini

Oktoba 2014 Serikali ya Tanzania ilianza kugawa vyeti vya uraia wa tajnisi kwa Warundi waliokimbilia nchini mwaka 1972 na kuishi Ulyankulu, mkoani Tabora, pamoja na makazi ya Katumba na Mishamo, ambayo leo yako mkoani Katavi. Haukupita mwaka, Warundi wengine wakaanza kumiminika Kigoma. Hao walipelekwa kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, na kwa miaka mingi sasa wanaloambiwa ni moja tu: jiandaeni kurudi kwenu.

Kwa hiyo swali linaloulizwa kwenye mabasi ya Tabora na Kasulu na kwenye vijiwe vya Kaliua lina haki yake. Watu wa nchi moja, waliokimbia kwa sababu zinazofanana, wamepokelewa na taifa lilelile. Imekuwaje wengine wakapewa kura na wengine hawaruhusiwi hata kutoka kambini kwenda gulioni?

Mkanganyiko unazidi kwa sababu watu wa aina tatu huwekwa kwenye kapu moja. Yupo mkimbizi, ambaye sheria inamlinda asirudishwe kwenye hatari. Yupo raia wa tajnisi, ambaye si mkimbizi tena, ingawa jirani yake bado anamwita hivyo. Na yupo mhamiaji aliyeingia bila kibali kutafuta kibarua au malisho. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowasaka wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ilionyesha gharama ya kuwachanganya: waliofukuzwa ni pamoja na watu walioishi nchini miongo mingi, wenye wake, waume na watoto wa hapahapa.

Kinachofuata ni jaribio la kuzitenganisha sera zilizotumika, kueleza kila moja ilizaliwa na nini, na kupima inaponufaisha na inapoumiza.

Ardhi ya njia ya misafara

Nchi iliyo kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika haijawahi kuwa ya watu wa asili moja. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Tabora, au Kazeh kama ilivyoitwa wakati huo, kabla ya kugawanyika: wengine kuelekea Ujiji, wengine kaskazini hadi Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walijua njia hiyo kwa miguu yao. Wangoni walioitwa Watuta walifika huku baada ya mwendo wa miaka mingi kutoka kusini mwa Afrika, ambako vita viliwang'oa. Wamanyema walitoka ng'ambo ya ziwa, wengine kama wafanyabiashara, wengine kama mateka, na vizazi vyao ni wenyeji wa Ujiji na Tabora hadi leo. Mtemi Mirambo, aliyetawala Uyowa na Ulyankulu na kujenga dola lake Urambo hadi kifo chake mwaka 1884, alikusanya askari kutoka kila kundi lililopita. Tusiipambe historia hiyo, maana njia hiyohiyo ilipitisha watumwa na pembe za ndovu. Lakini inatosha kuonyesha kwamba kabila la mtu halikuwa kipimo cha nani akae wapi.

Jambo lililoamua sera ya baadaye lilitokea chini ya Waingereza. Katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale uliwafanya wakoloni wawakusanye watu wa magharibi kwenye vijiji vichache na kuacha eneo kubwa la miombo kwa mbung'o na wanyama. Serikali ya Tanzania huru ilipotafuta mahali pa kuweka wakimbizi, msitu huo ulionekana kama ardhi isiyo na mwenyewe. Wakimbizi wa Kongo waliwekwa Pangale, kusini mwa mji wa Tabora, katika miaka ya 1960, na Wanyarwanda wakapelekwa Mwesi, kwenye nyanda za juu za Mpanda. Ulyankulu ilifuata mwaka 1972, Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978.

Makazi ya 1972: jembe kwanza, haki baadaye

Mauaji yaliyofanywa na utawala wa Michel Micombero nchini Burundi mwaka 1972 yaliua Wahutu zaidi ya laki moja na kuwasukuma wengine kuvuka ziwa na mito ya mpakani. Tanzania iliwapokea kwa makubaliano ya pande tatu: Serikali ilitoa ardhi na usalama, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) likatoa fedha, na shirika la Kilutheri la TCRS, lililokuwa nchini tangu 1964, likajenga barabara, visima, shule na zahanati. Familia ilipewa kiwanja na shamba, majembe, mbegu, na chakula cha kuivusha hadi mavuno yake yatoshe. Viwanja vilipangwa kwenye mistari iliyonyooka pembeni mwa barabara, kama vilivyopangwa vijiji vya ujamaa ambako raia wenyewe walikuwa wakihamishiwa miaka ileile. Kwa namna fulani mkimbizi na Mnyamwezi walikuwa chini ya mpango mmoja wa taifa.

Matokeo yake hayana ubishi. Katika muda wa miaka kumi na mitatu hivi makazi hayo matatu yalikuwa yanajilisha, na UNHCR ikayakabidhi kwa Serikali moja baada ya jingine: Katumba mwaka 1978, Ulyankulu mwaka 1980, Mishamo mwaka 1985. Mahindi, maharage na mihogo viliuzwa nje ya makazi. Tumbaku ya Ulyankulu iliingia kwenye soko lilelile la Urambo na Kaliua, na kuni za kuikausha zikakatwa kwenye miombo ileile. Hapo ndipo mgogoro wa mazingira ulipoanzia, na haukuwa wa wakimbizi peke yao.

Udhaifu wake nao uonekane. Ulyankulu ilijaa kupita uwezo wa maji na udongo wake kabla ya miaka ya 1970 kuisha, ndipo maelfu wakahamishiwa Mishamo kuanza upya kufyeka pori. Kila aliyetaka kwenda nje ya makazi, iwe hospitali ya mkoa, shule ya sekondari au kuuza mzigo, alihitaji karatasi iliyosainiwa na Mkuu wa Makazi, yenye tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Mtu aliyelima na kulipa kodi kwa miaka thelathini alikuwa bado anaomba ruhusa ya kupanda treni. Na watoto waliozaliwa hapo waliandikwa wakimbizi, ingawa nchi waliyosemekana kuikimbia hawakuwahi kuiona.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliyafanyia utafiti mambo haya katikati ya miaka ya 1980, akalinganisha Warundi wa Mishamo na wale waliojichanganya katika mji wa Kigoma. Wa Mishamo waliishi wakijiona taifa lililo uhamishoni, wakisimuliana historia ya kunyang'anywa nchi yao. Wa Kigoma walioa, wakafanya biashara na kujitambulisha kwa njia nyingi kadiri maisha yalivyodai. Fundisho lake kwa mtunga sera ni zito: kumtenga mkimbizi ili asizoee nchi ndiko kunakomfanya aendelee kuishi katika vita vya kwao.

Mlango ulivyofungwa

Wengi hudhani Tanzania ilibadilika kwa sababu viongozi walibadilika. Ni kweli kwamba enzi za Mwalimu Nyerere ukarimu ulikuwa sehemu ya siasa ya ukombozi. Mkutano wa Arusha wa mwaka 1979 kuhusu wakimbizi wa Afrika ulifanyika kwenye ardhi yetu, mwaka 1980 Wanyarwanda wapatao 36,000 walipewa uraia, na mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa Nishani ya Nansen. Lakini sababu za mabadiliko zinazidi tabia ya kiongozi mmoja.

Kwanza ni ukubwa na kasi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Warundi waliingia kwa laki. Kisha, mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Hakuna wilaya duniani iliyo tayari kwa jambo kama hilo. Pili, walioingia safari hii hawakuwa wahanga watupu: ndani ya kambi za Ngara walikuwamo waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari, wakiwa na mamlaka juu ya watu waliowaburuta pamoja nao. Tatu, nchi ilikuwa katika masharti ya marekebisho ya uchumi, huduma za jamii zikipunguzwa, na raia walioanza kuchangia matibabu waliona malori ya chakula yakipita kuelekea kambini. Nne, vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na kwa mara ya kwanza mgombea wa Kigoma au Kagera alikuwa na sababu ya kuwahofia wapiga kura waliochoka.

Machi 1995 mpaka na Burundi ukafungwa. Desemba 1996 Serikali na UNHCR walitoa tamko la pamoja kwamba Wanyarwanda wote warudi kabla ya mwisho wa mwezi, na karibu nusu milioni walirudishwa, wengi wakisukumwa na askari. Mwaka 1997 Warundi waliokuwa wakiishi vijijini mpakani walikusanywa na kuingizwa kambini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikaweka muhuri: mkimbizi akae eneo lililotengwa, na akitoka bila kibali ni kosa. Sera ya Taifa ya mwaka 2003 iliongeza wazo kwamba watu walindwe ndani ya nchi zao, kwenye maeneo salama, kabla hawajavuka mpaka.

Hoja ya kambi

Wanaotetea kambi wana mambo matatu ambayo si ya kupuuza. Kambi hurahisisha kugawa chakula, chanjo na maji kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika kisicho na barabara, na kipindupindu kikaingia. Kilichowaokoa ni mpango wa dharura: MV Liemba, meli iliyoundwa na Wajerumani kabla Waingereza hawajafika, ikawa inabeba mamia ya watu kwa safari moja hadi Kigoma, na kutoka hapo mabasi hadi Nyarugusu. Bila mahali palipoandaliwa pa kuwapeleka, watu wangekufa pwani.

Jambo la pili ni usalama. Burundi iliituhumu Tanzania kwa miaka mingi kwamba waasi walijificha katika kambi zake, na mwaka 1996 na 1997 uhusiano ulifika mahali pabaya. Serikali ikijua nani yuko wapi, ina jibu la kumpa jirani. La tatu ni ardhi: Kasulu na Kibondo za leo si pori la 1972, na mwanakijiji anayekosa eka ya kumrithisha mwanawe ana haki ya kuuliza ardhi ya wageni inatoka wapi.

Hata hivyo, hoja hizi zote ni za mwaka wa kwanza na wa pili, na kambi zetu zina umri wa kizazi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Wakongo waliozaliwa humo wana watoto wao. Mkimbizi asiyeruhusiwa kufanya kazi hutegemea mgao, na mgao hutegemea mabunge ya nchi za mbali. Mwaka 2017 Serikali ilisimamisha mpango wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu za chakula, na baadaye masoko ya pamoja yaliyokuwa yakiwakutanisha wakimbizi na wanakijiji yakafungwa. Aliyeumia si mkimbizi tu. Mama wa Makere aliyekuwa akipeleka ndizi na dagaa naye alipoteza wateja. Mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani ulilazimika kushusha mgao hadi nusu ya kiwango. Basi watu wanatoroka usiku kwenda vibarua mashambani, mwenye shamba anawalipa kidogo kwa kuwa anajua hawawezi kumshitaki, na wakikamatwa wanahesabika wahalifu. Kuni nazo ni hivyohivyo: wanawake hutembea mbali kuzitafuta, wakikutana na ubakaji njiani na kesi mwisho wa njia.

Usalama wenyewe haukuimarishwa na kambi kwa kiasi kinachodaiwa. Makundi yenye silaha huandikisha vijana palipo na vijana wengi wasio na kazi, na kambi ni mahali pa aina hiyo hasa.

Hoja ya kurudi

Suluhisho ambalo wakimbizi wengi wenyewe wangelichagua ni kurudi makwao kwa amani. Hakuna sababu ya kulidharau. Baada ya Mkataba wa Amani wa Arusha wa Agosti 2000 Warundi kwa laki walirudi, wengi kwa hiari. Baadhi ya wale wa 1972 waliondoka Katumba kwa treni kwenda Kigoma, kisha kwa barabara hadi Burundi.

Kikwazo cha kwanza ni ardhi. Wale wa 1972 waliporudi katika uwanda wa Imbo, maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine waliokaa humo zaidi ya miaka thelathini, baadhi wakiwa wamegawiwa na serikali. Mkataba wa Arusha uliahidi warudishiwe au wafidiwe, na tume ya ardhi ikaundwa mwaka 2006, lakini nchi ndogo yenye msongamano kama Burundi haina ardhi ya ziada ya kufidia. Wengine wakaishia katika vijiji vya amani, kwenye viwanja visivyotosha kulima.

Kikwazo cha pili ni haraka. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, baada ya Serikali kutangaza kwamba Warundi wapatao 35,000 waliokuwemo hawana tena sababu ya kuitwa wakimbizi. Miaka miwili na nusu baadaye Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alitaka muhula wa tatu, jaribio la mapinduzi likashindwa, na miongoni mwa waliovuka tena mpaka walikuwamo waliorudishwa kutoka Mtabila. Fedha za kuwarudisha zilitumika, na fedha za kuwapokea tena zikatumika. Tangu Septemba 2017 zaidi ya watu laki moja na nusu wamerudi kwa mpango wa pande tatu za Tanzania, Burundi na UNHCR, ambao kwa maandishi ni wa hiari. Lakini hiari ya mtu aliyefungiwa soko, aliyekatiwa mgao na anayesikia kila wiki kwamba kambi itafungwa ni hiari ya jina.

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uko wazi kuliko ule wa Geneva wa 1951 katika hili: unamtambua hata aliyekimbia machafuko ya jumla, na unasema kurudi lazima kuwe kwa hiari. Januari 2017 Tanzania iliacha kuwatambua Warundi kwa kundi na kuanza kuhoji mmoja mmoja. Hatua hiyo haivunji mkataba yenyewe. Inaukaribia uvunjaji pale mtu anaporudishwa mpakani kabla ya kuhojiwa.

Hoja ya uraia, na miaka minne iliyopotea

Mpango wa 2007 ulikuwa wa kijasiri kuliko wowote barani. Serikali iliwauliza wakimbizi wapatao 218,000 wa makazi matatu wachague: kurudi au kuomba uraia. Takriban asilimia 80 waliomba uraia, waliobaki wakachagua kurudi. Ifikapo 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikuwa yamekubaliwa.

Hapo ndipo sera ilipojikwaa. Uraia uliambatanishwa na sharti la kuhama: raia wapya waondoke Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wasambazwe mikoani, makazi yafungwe. Hofu ya viongozi ilieleweka, kwamba wakiachwa pamoja watabaki taifa ndani ya taifa. Lakini mikoa iliyotajwa kuwapokea haikuwa imeandaliwa, madiwani na wabunge wake wakauliza ardhi iko wapi, na mpango ukasimamishwa mwaka 2011. Vyeti vikabaki makabatini. Watu walikuwa wameshaukana uraia wa Burundi, na wa Tanzania walikuwa nao kwa jina bila karatasi. Waliambiwa wasijenge, wasipande mazao ya kudumu, kwa kuwa wataondoka. Shule na zahanati hazikukarabatiwa kwa sababu hiyohiyo. Mtu hakujua kama apande mwembe au la.

Uamuzi wa 2014 wa kuwaacha pale walipo ndio uliokamilisha kazi ya 1972, na naona ni miongoni mwa mambo ya heshima yaliyofanywa na nchi hii. Udhaifu wake unaosalia ni wa utawala. Makazi yalianzishwa chini ya sheria ya wakimbizi, na kuyageuza kuwa vijiji na kata kamili, zenye mipaka iliyopimwa na hati za ardhi, kumekwenda taratibu. Ulyankulu ni jimbo la uchaguzi sasa. Lakini mkulima asiye na hati, anayekumbushwa asili yake kila anapogombana na mfugaji wa Kisukuma aliyehamia juzi, bado hajawa raia sawa machoni pa jirani.

Wapinzani wa uraia huuliza: je, hii haitaalika wengine? Ushahidi wa 2015 haukubaliani nao. Watu walikimbia Bujumbura na Makamba walipoanza kuuawa, si walipoona vyeti Katumba. Swali zito zaidi ni la uwezo: Ulyankulu ilifaulu kwa sababu ardhi ilikuwepo, wafadhili walikuwa na subira ya miaka minane, na bei za mazao ziliungwa mkono na dola. Masharti hayo matatu hayapo tena kwa pamoja. Anayesema turudie 1972 neno kwa neno hajaitazama ramani ya Kaliua ya leo.

Majirani wamefanya nini

Uganda husifiwa mno. Sheria yake ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, na Nakivale imekuwa ikigawa mashamba tangu mwisho wa miaka ya 1950. Nchi hiyo ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Lakini viwanja vya Bidi Bidi, huko West Nile, ni vya mita 30 kwa 30, visivyoweza kulisha familia; uhakiki wa 2018 ulionyesha idadi iliyokuwa imeongezwa kwa udanganyifu; na njia ya uraia imezibwa kivitendo hata kwa waliokaa nusu karne. Uganda imempa mkimbizi jembe na barabara bila kumpa mwisho wa ukimbizi. Tanzania ya 1972 hadi 2014 ilifanya kinyume: ilimfungia barabara, ikamfikisha kwenye mwisho.

Kenya ilishikilia kambi za Dadaab na Kakuma tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Mwaka 2016 ilitangaza kuifunga Dadaab, Mahakama Kuu ikazuia Februari 2017. Sheria mpya ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinalenga kuzigeuza kambi kuwa miji chini ya kaunti. Bado ni mapema kuhukumu, ila mwelekeo umebadilika, na umebadilika kwa sababu mahakama zilikuwa na nguvu ya kusema hapana.

Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa kuwahusisha wakimbizi katika maendeleo uliotokana na Azimio la New York la 2016, kisha mwanzoni mwa 2018 Rais Magufuli akaitoa, akitaja usalama na fedha. Hoja ya fedha ilikuwa na msingi: sehemu ya msaada ilikuja kama mkopo, na haikuwa haki kuitaka nchi maskini ikope ili kutunza wahanga wa vita visivyo vyake. Mwito wa kuchangia wakimbizi wa Burundi umekuwa miongoni mwa ile inayopata fedha kidogo zaidi duniani, na kupungua kwa misaada ya Marekani tangu 2025 kumeongeza pengo. Asiyechangia hana ulimi wa kumfundisha Kigoma ukarimu.

Jumuiya iliyosahau kifungu chake

Hapa ndipo naona ufa mkubwa kuliko yote. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Karibu kila mkimbizi aliyepo Kigoma leo anatoka nchi mwanachama. Mfanyabiashara wa Bujumbura mwenye pasipoti huingia Manyovu, akagongewa muhuri wa hadi miezi sita, akaenda Tabora au Dar es Salaam. Jirani yake aliyekimbia risasi haruhusiwi kufika Kasulu mjini. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, inasema mwendo wa wakimbizi utaongozwa na mikataba ya kimataifa, na hapo imeishia. Kifungu cha 124 cha Mkataba wa Jumuiya kinaagiza kuwe na utaratibu wa pamoja wa kushughulikia wakimbizi; zaidi ya miaka 25 tangu kusainiwa, utaratibu wenye meno haujaonekana.

Afrika Magharibi ilikwisha kuonyesha njia. Mwaka 2007 Nigeria, Liberia, Sierra Leone, jumuiya ya kikanda ya ECOWAS na UNHCR walikubaliana kwamba wakimbizi wa vita vilivyokwisha wapewe pasipoti za nchi zao, na kwa pasipoti hizo wabaki Nigeria kufanya kazi kama raia wa jumuiya. Njia hiyo haifai kwa anayemwogopa polisi wa serikali yake, maana kuomba pasipoti kwao ni kujisalimisha. Inamfaa yule ambaye vita vimeisha ila shamba halipo tena, na wa namna hiyo ni wengi.

Kupima

Nikiweka hoja hizi kwenye mizani, kambi ina nafasi ya miezi, pengine miaka miwili, na baada ya hapo kila mwaka unaoongezeka ni hasara kwa pande zote. Kurudi ni haki ya kila aliye tayari, na ni kosa pale kunapofanywa kwa njaa. Uraia wa jumla kama wa 2014 hautajirudia hivi karibuni, na sioni haja ya kuushikilia kama kipimo pekee cha ubinadamu. Kilichokosekana ni hatua ya kati: hadhi ya kisheria ya mtu aliyekaa muda mrefu, anayeweza kufanya kazi na kutembea bila kuwa raia wala mfungwa. Gharama yake kisiasa ni ndogo kuliko uraia, na faida yake inaonekana kwenye mapato ya halmashauri.

Pa kuanzia papo. Wakulima wa Kasulu, Kibondo na Kaliua tayari hutegemea vibarua kutoka kambini na ng'ambo ya mpaka wakati wa palizi na wa tumbaku. Wakongo wa Nyarugusu waliokaa miaka kumi au zaidi wanaweza kupewa kibali cha msimu, cha miezi sita kama anavyopewa Mrundi mwenye pasipoti, kikiwa na jina la mwajiri na kijiji, na ushuru ukaenda halmashauri. Masoko ya pamoja yafunguliwe siku hiyohiyo. Ikiwa baada ya misimu mitatu uhalifu umepanda au vibarua wenyeji wamekosa kazi, kibali kisitishwe, na takwimu za polisi na za vyama vya msingi vya tumbaku zitakuwepo za kuonyesha hivyo. Ikiwa hayo hayajatokea, Serikali itakuwa na kitu cha kupeleka Arusha, kwenye Baraza la Mawaziri la Jumuiya, kudai kifungu cha 124 kitekelezwe na Burundi, Kongo na Rwanda zichangie gharama za watu wao.